Nani Amnyoe Kinyozi?

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Mwandishi wa hadithi anaielewa methali hii haraka kuliko watu wengi. Ukurasa uliokufurahisha saa sita usiku, asubuhi unauona umejaa maneno yasiyo na kazi. Unashika kalamu urekebishe, na katika kurekebisha unaifuta sentensi pekee iliyokuwa na uhai. Unahitaji mkono wa mtu mwingine. Lakini methali inatuacha njiani: haisemi kinyozi ampelekee nani kichwa chake.

Nimelibeba swali hili kwa miaka kadhaa, kwa sababu mbili. Ya kwanza, mara mbili kwa mwezi nakutana na waandishi vijana hapa Dar es Salaam, na tukishamaliza kusomeana kazi zetu, swali linalobaki mezani ni lile lile: nimpe nani mswada wangu? Wa kujitolea hawakosekani. Yupo rafiki atakayesema "iko poa sana" kabla hajafika sura ya tatu. Yupo mwalimu wa fasihi atakayetafuta dhamira na maudhui kama anasahihisha mtihani. Yupo mhariri anayelipwa kwa ukurasa. Kuna vitabu vya mwongozo vinavyoahidi riwaya kamili kwa hatua kumi, na sasa kuna programu za kompyuta zinazokuandikia upya aya nzima kabla chai haijapoa. Sababu ya pili ni kwamba mimi mwenyewe nina riwaya ya kurasa mia tatu na kitu inayosubiri jicho la mtu.

Nimekwenda kulitafuta jibu kwenye historia. Waandishi waliotutangulia waliwapa akina nani miswada yao, na miswada hiyo ilirudi ikiwa katika hali gani?

*

Tuanze na kijana mmoja wa Nigeria. Mwaka 1956 Chinua Achebe, aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la utangazaji la nchi yake, alikwenda London kwa mafunzo katika chuo cha wafanyakazi cha BBC. Alikuwa na mswada wa riwaya. Ilikuwa hadithi pana, yenye kubeba vizazi vitatu vya familia moja ya Kiigbo: Okonkwo, mwanawe, na mjukuu wake. Miongoni mwa waliokuwa wakifundisha pale alikuwepo Gilbert Phelps, mwandishi wa riwaya na mhakiki. Achebe akampa mswada ule.

Phelps aliusoma akaupenda, tena akajitolea kuupeleka kwa mchapishaji wake. Kwa mwandishi asiye na kitabu hata kimoja, aliye ugenini, hilo lilikuwa jambo kubwa. Achebe akamwambia asubiri kwanza. Mswada haukuwa tayari, na yeye alijua hivyo.

Hapa huwa nasimama kila ninapoisimulia habari hii kwa vijana wangu. Angalia alichokifanya Phelps na alichokiacha. Hakukaa na kalamu nyekundu kumfundisha Achebe namna ya kuandika kuhusu Umuofia, kijiji ambacho yeye Phelps hakukijua. Alimpa kitu kimoja tu ambacho mwandishi hawezi kujipa mwenyewe, yaani uhakika kutoka kwa msomaji mzoefu kwamba ndani ya karatasi zile kulikuwa na kitabu. Kisu kilibaki mkononi mwa mwenye nyama. Achebe aliporudi Nigeria aliona kwamba vizazi vitatu ndani ya kitabu kimoja vilikuwa vimebanana mno, kila kimoja kikimnyima mwenzake hewa. Akaziondoa sehemu za mwana na mjukuu, akamwacha Okonkwo peke yake, kisha akaiandika upya hadithi iliyobaki.

Baada ya hapo ukaja mkasa uliokaribia kutunyima kitabu hicho. Mwaka 1957 Achebe aliona katika gazeti la *The Spectator* tangazo la kampuni ya London iliyokuwa ikipiga miswada taipu. Akawatumia mswada wake, ulioandikwa kwa mkono, bila kubakiza nakala nyingine. Wakadai paundi 22, akazilipa. Kisha kimya. Wiki zikawa miezi, barua zake hazikujibiwa. Aliyeuokoa mswada ule alikuwa Angela Beattie, mkuu wake wa kazi kule redioni, aliyekuwa akienda London kwa likizo. Alifika kwenye ofisi ya kampuni ile na kudai maelezo. Mswada ukapigwa taipu, nakala ikafika Lagos. Miaka mingi baadaye Achebe alisema kwamba mswada ule ungepotea, huenda angekata tamaa kabisa.

Angela Beattie hakugusa hata nukta ya riwaya ile, lakini mimi namhesabu miongoni mwa wasaidizi wake wakuu.

Wachapishaji kadhaa waliikataa. Ilipofika Heinemann ilipewa Donald MacRae aisome, mwalimu wa chuo kikuu aliyekuwa ametoka Afrika Magharibi muda si mrefu, naye akaisifu kwa maneno machache mno. Alan Hill wa Heinemann akaichukua. Kampuni haikubadili karibu chochote. Tarehe 17 Juni 1958 *Things Fall Apart* ikatoka, nakala 2,000. Na yule mjukuu aliyeondolewa hakupotea: mwaka 1960 Obi Okonkwo alipata riwaya yake mwenyewe, *No Longer at Ease*.

Hebu tuwahesabu waliousaidia mswada ule. Phelps alisoma. Beattie alitembea. MacRae alisema neno mahali panapotakiwa. Hill alithubutu kuweka fedha. Hakuna hata mmoja aliyefanya kazi ya mwenzake, wala aliyeifanya kazi ya Achebe. Sisi huku tunatafuta mtu mmoja afanye yote: atupe moyo, asahihishe herufi, atuambie kama sura ya tano inachosha, atutafutie mchapishaji, tena asichukue hata shilingi. Mtu huyo hayupo, na tukimkosa tunasema hakuna wahariri.

*

Miaka sita baada ya Achebe kumpa Phelps mswada, zamu ikageuka. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Mwanafunzi mmoja wa chuo hicho, wakati huo akiitwa James Ngugi, alimpelekea Achebe mswada wake. Achebe akapata muda wa kuutazama na kumpa maoni, halafu akamtajia habari zake Van Milne wa Heinemann aliyekuwepo palepale. *Weep Not, Child* ikachapishwa mwaka 1964, na mwandishi wake sasa tunamjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o.

Achebe akawa mhariri mshauri wa mfululizo wa Waandishi wa Afrika wa Heinemann kwa muda wa miaka kumi, hadi 1972, bila kulipwa mshahara. Katika miaka hiyo vitabu 100 vya mwanzo vilipita mkononi mwake. Ukizaliwa Afrika Mashariki na ukasoma sekondari, kuna uwezekano mkubwa umewahi kushika kimojawapo, chenye jalada la rangi ya chungwa.

Kilichonivuta katika kisa cha Makerere si umaarufu wa Achebe. Wenye majina walikuwa wengi pale. Ngũgĩ alimfuata mtu ambaye alikuwa ameshapita njia ileile: mtoto wa kijijini aliyepelekwa shule za wamisionari, akajikuta anaandika kuhusu watu wake kwa lugha ya waliowatawala. Mtu wa namna hiyo akikwambia sura fulani inalegea, hakuambii kwa sababu imemshinda kuelewa kwa nini mama mkwe haketi chumba kimoja na mkwe wake. Hilo analijua. Anakwambia kwa sababu inalegea kweli.

Na Ngũgĩ alipobadilika, alihitaji msaidizi wa aina nyingine. Mwaka 1978 akiwa kizuizini Kamiti, aliandika riwaya kwa Kigikuyu kwenye karatasi za chooni. *Caitaani Mũtharaba-Inĩ* ilitoka mwaka 1980 chini ya Henry Chakava, aliyekuwa akiongoza Heinemann ya Nairobi. Riwaya kwa Kigikuyu ilikuwa biashara ambayo hakuna aliyejua kama ina soko, na mwandishi wake hakupendwa na serikali. Chakava angeweza kumwambia, kwa upole kabisa, aiandike kwa Kiingereza kama zile zilizotangulia. Hakumwambia hivyo. Msaidizi mzuri wa mwaka 1964 asingefaa mwaka 1980 kama asingekubali kwamba mwandishi ameshahama.

*

Sasa nije kwenye lugha yetu, ambako mhariri aliingia kwa mlango tofauti. Alikuja na muhuri.

Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, watawala wa Kiingereza na wenzao waliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Januari 1930 ikaanzishwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kupitia miswada ya vitabu na kuthibitisha kwamba lugha yake ni sanifu. Kitabu cha shule kilihitaji kibali hicho. Miaka yake ya mwanzo, waliokaa mezani kuamua Kiswahili kipi ni sahihi walikuwa maafisa wa serikali na wamisionari wa Kizungu.

Sitaki kuibeza kazi ile. Leo mtoto wa Kigoma na mtoto wa Lamu wanasoma kitabu kimoja kwa tahajia moja, na mimi naandika insha hii nikijua itasomeka Nairobi, Bukavu na Muscat. Hiyo ni faida kubwa. Lakini kazi ile iliacha pia tabia ambayo haijatutoka: kumwona mhariri kama askari wa mpakani. Kazi yake inakuwa kukagua neno moja moja, na lisilo na hati linarudishwa lilikotoka. Kimvita na Kiamu, lahaja zilizobeba tenzi kwa karne kadhaa kabla ya kamati yoyote, zikageuka kuwa makosa ya kusahihishwa.

Nimekutana na askari huyo. Katika riwaya yangu kuna shangazi wa Mji wa Kale, Mombasa, anayesema Kimvita kama wanavyosema watu wa umri wake. Mtaani wanamwita Bi Mwanaisha. Miaka mitatu iliyopita nilimlipa mhariri mmoja apitie sura nne za mwanzo. Zikarudi zikiwa safi kama shati la shule. *Ndia* zote zilikuwa zimekuwa *njia*. *Mato* yamekuwa *macho*. Na pale ambapo Bi Mwanaisha anamwambia mpwa wake, "Mwanangu, ndoo uketi," yaani njoo ukae, pembeni palikuwa na swali kwa wino mwekundu: "Ndoo ipi? Haijatajwa awali."

Nilicheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta. Kisha nikasoma tena, na kicheko kikaisha. Msomaji huyu alikuwa amemwona mama mtu mzima akimkaribisha mtoto wa kaka yake, akasikia habari ya chombo cha kutekea maji. Hakuuliza "Je, huyu anasemaje kwao?" Aliuliza ndoo iko wapi.

Haki itendeke: mhariri yule alinionyesha pia kwamba sura ya pili ilikuwa ikisimulia msiba uleule mara mbili, na alikuwa sahihi. Niliikata. Hiyo ndiyo taabu ya kuchagua. Mtu mmoja anaweza kuwa na jicho kali kwa muundo na sikio zito kwa sauti. Ukimkataa mzima mzima unapoteza jicho, ukimkubali mzima mzima unapoteza shangazi.

Tatizo hili haliko kwetu peke yetu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, amewahi kueleza namna wachapishaji wa Uingereza wanavyopenda kuyaweka maneno ya Kiswahili katika herufi za mlazo, au kuongeza faharasa ya maana mwishoni, ili kigeni kizidi kuonekana kigeni. Yeye hukataa. Watu wake hawasemi kwa herufi za mlazo. Wanapoongea wao kwa wao, wapo nyumbani. Mwaka 2022 riwaya yake *Paradise* ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, na nilipoisoma niliwaza kwamba maneno yale yasingekuwa na nyumba ya kurudi kama mwenyewe angewaachia wahariri wayafanye wageni tangu mwanzo.

*

Mtu anaweza kudhani kwamba shida inakwisha pale mwandishi na mhariri wanapokuwa wa lugha moja na nchi moja. Historia ya Marekani inasema vingine. Nitachukua visa vitatu.

Cha kwanza ni cha mapenzi. Thomas Wolfe alimfikia Maxwell Perkins wa Scribner's na mswada wa maneno 300,000 na zaidi. Perkins, mhariri wa Fitzgerald na Hemingway, alikaa naye wakapunguza makumi ya maelfu ya maneno, na mwaka 1929 ikatoka *Look Homeward, Angel*. Riwaya ya pili, *Of Time and the River* ya mwaka 1935, ilihitaji kazi kubwa zaidi. Walikaa pamoja usiku baada ya usiku, na Wolfe akamtunukia Perkins kitabu hicho kwa maneno ya shukrani nyingi. Mwaka 1936 mhakiki Bernard DeVoto akaandika kwamba Wolfe hawezi kukamilisha kitabu bila Perkins. Maneno yale yalimchoma Wolfe. Mwaka 1937 akaihama Scribner's. Mwaka 1938 akafariki akiwa na miaka 37, na kabla ya kufa, akiwa hospitalini, alimwandikia Perkins barua ya upendo.

Perkins hakumdhulumu. Alimpa muda wake na moyo wake. Lakini msaada ukizidi kipimo, mwenye kusaidiwa huanza kujiuliza kama miguu anayotembelea ni yake, na watu wa nje nao huuliza kwa sauti.

Cha pili ni cha mkasi. Raymond Carver, mwandishi wa hadithi fupi kuhusu watu wa hali ya chini, alikuwa na mhariri aitwaye Gordon Lish aliyemfungulia milango tangu miaka ya 1970. Mwaka 1980 Carver alimpa mswada wa mkusanyiko mpya. Lish akaukata zaidi ya nusu. Akabadili majina ya hadithi, akafuta miisho. Tarehe 8 Julai 1980 Carver alimwandikia barua ndefu ya kumsihi asimamishe uchapishaji. Siku chache baadaye akalegea, na mwaka 1981 kitabu kikatoka kama Lish alivyokitaka, kikampa Carver sifa kubwa.

Kuna hadithi moja mle ambayo napenda kuwasomea vijana kwa matoleo yote mawili. Mama anaagiza keki ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe. Siku yenyewe mtoto anagongwa na gari, anapelekwa hospitali. Mwoka mikate, asiyejua lolote, anapiga simu nyumbani mara kwa mara kuhusu keki isiyochukuliwa. Katika toleo la Lish, hadithi inaishia simu ikilia, na hatujui hatima ya mtoto. Katika toleo la Carver mtoto anafariki. Wazazi, kwa hasira, wanakwenda usiku kwenye duka la mikate. Mwoka mikate anapojua kilichotokea anawaomba radhi, anawawekea viti, anawapa mikate ya moto, na wanakaa wakila na kuzungumza hadi kunapambazuka.

Sisi tuliolelewa penye msiba wa majirani, sufuria za wali na watu wanaolala sebuleni hadi siku ya arobaini, tunajua mkate ule ni nini. Lish aliuona ni ziada. Nakubali kwamba toleo lake lina ukali wake, na wapo wasomaji wanaolipenda zaidi. Lakini ni hadithi nyingine. Moja inasema binadamu hawafikiani, ya pili inasema wanafikiana, kwa shida, usiku sana, kwa chakula. Carver aliirudisha hadithi yake ndefu katika *Cathedral* mwaka 1983, kitabu alichomtaka Lish asikikate kama kile cha kwanza, na hadithi hiyo ikapata tuzo ya kwanza ya O. Henry mwaka huohuo. Mswada mzima kama alivyouandika yeye ulichapishwa mwaka 2009 kwa jina la *Beginners*. Carver alikuwa amefariki mwaka 1988.

Kisa cha tatu kinanipa matumaini. Mwaka 1957 Harper Lee aliifikia kampuni ya J. B. Lippincott na mswada kuhusu mwanamke anayerudi kwao Alabama kutoka New York. Mhariri wake, Tay Hohoff, aliona kwamba uhai wa mswada ule umo kwenye kumbukumbu za utoto wa mwanamke huyo. Akamshauri aende huko. Lee akaandika upya, na tena upya, kwa zaidi ya miaka miwili. Mwaka 1960 ikatoka *To Kill a Mockingbird*. Mswada wa mwanzo ulikuja kuchapishwa mwaka 2015 kama *Go Set a Watchman*, na yeyote anayeweka vitabu hivyo viwili sambamba anaona kwamba mabadiliko ya Hohoff yalikuwa makubwa kuliko ya Lish. Kitabu kizima kiligeuka! Tofauti ni kwamba Hohoff alionyesha mahali, na aliyekwenda huko kwa miguu yake alikuwa Lee. Kila sentensi ilitoka mkononi mwake.

*

Nikiviweka visa hivi pamoja, naona kwamba ukubwa wa mabadiliko haunisaidii kumpima msaidizi. Achebe aliondoa theluthi mbili za hadithi yake akabaki na furaha, na Carver aliondolewa nusu akabaki akisihi. Wala jina la msaidizi halinisaidii sana. Kinachonisaidia ni kuuliza, kazi ikishaisha, hii itakuwa hadithi ya nani.

Kwa hiyo vijana wanaponiuliza wampe nani, nawaambia wampe kwanza kurasa kumi, si mia tatu, kisha wasome maswali yake kabla ya masahihisho yake. Kinyozi wa mtaani kwetu, kabla hajawasha mashine, hukuuliza: nikunyoe vipi? Mhariri naye anapaswa kuuliza kitu cha namna hiyo. Akiuliza "Unataka msomaji amchukie baba huyu au amhurumie?", kaa naye. Akirudisha kurasa zimenyooka bila swali hata moja, amekwisha kuamua wewe ni nani.

Nawaambia pia wajaribu kumkatalia jambo dogo mapema. Phelps aliambiwa asubiri, akasubiri, na mswada uliporudi bado alikuwa upande wa Achebe. Anayenuna kwa nukta iliyorudishwa atafanya nini utakapoitetea sura?

Na wasichanganye kazi. Anayejua muundo asilazimishwe kuwa hakimu wa lahaja. Shangazi anayejua lahaja asitwishwe mzigo wa muundo. Vitabu vya mwongozo ni vizuri kwa anayejua tayari anatafuta nini, kama ramani kwa aliyekwisha kuamua safari. Programu za kompyuta zinaokota herufi zilizoruka, nami nazitumia kwa hilo. Lakini nilipoipa mojawapo ukurasa wa Bi Mwanaisha, ilimnyoosha vilevile, tena bila hata kuuliza ndoo iko wapi. Mhariri wa wino mwekundu angalau alishangaa.

Kuna sababu kwa nini mambo haya yana uzito zaidi kwetu. Miswada ya Kiswahili inaandikwa mingi. Tuzo ya Safal, iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2015, hupokea kazi ambazo hazijachapishwa kutoka kila pembe ya eneo letu. Wahariri wa fasihi wenye muda ni wachache. Katika uchache huo ni rahisi kumshukuru yeyote anayekubali kushika mswada, na mtu mwenye shukrani nyingi hasemi hapana. Carver alimshukuru Lish kwa miaka kumi kabla ya ile barua ya Julai. Mwandishi mchanga wa Morogoro au Voi, aliyekaa miaka minne na riwaya yake bila msomaji hata mmoja, yupo katika hali hiyohiyo, na hana hata jina la kumlinda.

Riwaya yangu nimeigawa. Muundo nimempa mwandishi mwenzangu mwenye vitabu viwili, anayejua uchungu wa kuondoa sura. Sauti ya Bi Mwanaisha nimempelekea mama mmoja wa Kibokoni ambaye hajawahi kuhariri chochote, na tumekubaliana nimsomee kwa simu jioni, sura moja moja, akinikatiza anaposikia mtu wa mjini kwake akisema lisilosemwa. Wa tatu ni fundi umeme anayependa hadithi za Bwana Msa, naye kazi yake ni kuniambia ukurasa aliosinzia. Nimebakiza nakala tatu mahali patatu tofauti. Fundi ameshanijibu: ukurasa wa 61.